Simbilisi akiumwa mguu, tazama sakafu kabla ya kununua sindano

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi kwa shughuli nyingine kabisa. Nilikwenda kufuatilia bei ya mpunga na mahindi, kazi ambayo humfanya mtu ashinde juani akihesabu magunia na kubishana na madalali. Jioni moja mama mwenye nyumba niliyofikia akaniita uani. "Mwanangu, wewe si mtu wa kilimo? Njoo uwaangalie hawa." Nikamwambia mimi ni mchumi, si daktari wa mifugo. Akanijibu, "Si wote mmesoma Morogoro?"

Uani kulikuwa na kizimba cha wavu wa chuma, chini wavu, ubavuni wavu, kimeinuliwa juu ya miti minne na kujengwa na fundi kwa pesa taslimu. Ndani walikuwamo simbilisi watano. Wiki mbili kabla walikuwa tisa. Wanne kati yao walianza kuchechemea, nyayo zikavimba na kufanya vigaga, mama akaenda kwenye duka la dawa za mifugo kuuliza. Akauziwa kichupa cha sindano, akaambiwa hiyo ni dawa ya mifugo yote, akapewa na bomba lake. Akawachoma wote wanne siku hiyo hiyo. Siku ya tatu wakaacha kula, wakaanza kuharisha, na kabla wiki haijaisha wote wanne walikuwa wamekufa. Waliobaki ni wale ambao hawakuchomwa.

Wanyama wale ni mali ya mjukuu wake aliye darasa la tano. Huuza watoto wao kwa majirani, na kwa pesa hiyo hununua madaftari na kalamu, mara nyingine na viatu. Mama alitaka kujua jambo moja tu: waliuawa na ugonjwa wa miguu, au amewaua yeye?

Nilikichukua kile kichupa nikakisoma. Ilikuwa penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, dawa ambayo kila mfugaji wa ng'ombe wa Kilosa anaifahamu. Niliporudi Morogoro nikamuuliza daktari wa mifugo, naye akathibitisha nilichokuwa nakihofia. Dawa hiyo humponya ng'ombe na mbuzi, lakini kwa simbilisi ni sumu. Ugonjwa wa miguu ungewachukua miezi kuwaua, na huenda usingewaua kabisa. Kilichowaua ni tiba.

Ndiyo maana wiki hii tunazungumzia nyayo za simbilisi. Najua wapo wasomaji watakaocheka, maana ukurasa huu umezoea korosho, alizeti na mikopo ya matrekta. Lakini mfugaji wa simbilisi naye ni mfugaji, na hasara ya wanyama wanne kati ya tisa ni hasara ya karibu nusu ya mtaji. Mfanyabiashara gani wa mpunga angepoteza nusu ya magunia yake akanyamaza?

Kwa wasiomfahamu, simbilisi ni yule mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi, anayepiga kelele nyembamba akisikia majani yanakatwa. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi kama Peru, Bolivia na Ekwado, ambako amefugwa kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka. Hapa kwetu anajulikana zaidi Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Njombe na Mbeya, na mara nyingi mwenye mali huwa ni mama au mtoto wa nyumba hiyo. Huko Kivu, mashariki ya Kongo, familia nyingi humpenda kwa sababu vita ikizuka unaweza kumbeba kwenye kikapu ukakimbia naye, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa ng'ombe. Kwetu Mikumi anashuka na barabara kuu ya kutoka Iringa, ndani ya maboksi yenye matundu, na kutoka hapo anapanda pikipiki kwenda Ulaya, Zombo na Kilosa mjini. Ulaya hii ni ile ya wilayani Kilosa, msomaji asishtuke.

Tatizo ni kwamba anaposhuka anaacha nyuma mazingira yake. Njombe ni baridi na simbilisi wengi huishi jikoni, juu ya udongo mkavu, karibu na moto. Kilosa mjini ni takriban mita 500 tu kutoka usawa wa bahari. Joto ni kali, na simbilisi huanza kutaabika joto likifika nyuzi 30 za sentigredi. Masika nayo, kuanzia Machi hadi Mei, huloweka kila kitu, na waliokaa kando ya mto Mkondoa hawahitaji kuelezwa maana ya maji kuingia ndani. Hivyo watu hawataki kumweka chini. Wanaogopa unyevu, paka, panya, nyoka na siafu. Wanajenga kizimba cha kuinuliwa, na kwa kuwa wameona vizimba vya sungura vya kisasa, wanaweka wavu chini ili kinyesi kidondoke na mbolea ikusanywe kwa urahisi.

Hofu yao ni ya kweli na hesabu yao ya mbolea ina mantiki. Kosa liko kwenye sehemu moja tu ya kizimba, nayo ni ile anayoikanyaga mnyama.

Mwinue simbilisi umtazame miguu. Ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu, na chini ya wayo hakuna unyoya hata mmoja. Sungura ana manyoya mazito chini ya mguu, na bado sakafu ya wavu humtoa vidonda visiginoni. Huyu hana kinga yoyote. Ni ngozi laini kama ya kiganja cha mtoto, inabeba mnyama anayeweza kufikia kilo moja, na anapokaa uzito mwingi huangukia nyuma. Mweke juu ya uzi wa chuma usiku na mchana. Kwanza wayo huwa mwekundu na unyoofu wake hupotea. Kisha ngozi huota sugu, sugu hupasuka, na mkojo ulioganda kwenye wavu hupeleka bakteria ndani. Mguu huvimba ukawa kama goroli, hufanya kigaga cheusi, na chini ya kigaga huwa na usaha mzito. Akiachwa hapo, ugonjwa hufika kwenye kano na mifupa, na hapo hata daktari hana mengi ya kufanya.

Wavu si mkosaji pekee. Sakafu ya ubao au ya saruji yenye mkojo wa siku nne hufanya kazi ile ile, kwa sababu ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka. Kucha ndefu zinazojikunja humfanya akanyage vibaya. Unene ni sababu nyingine, na hapa wenye upendo mwingi ndio huumiza zaidi: simbilisi anayelishwa pumba na makombo ya ugali kutwa nzima, bila nafasi ya kukimbia, huwa mzito kuliko miguu yake. Majike wenye mimba kubwa huanza kuumwa kabla ya madume kwa sababu hiyo hiyo ya uzito. Mimba yao ni ya siku 68 hivi, na watoto huzaliwa macho wazi wakiwa na manyoya, yaani tumboni wamekwishakuwa wakubwa.

Halafu lipo suala la kiseyeye, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Simbilisi ni kama binadamu: mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Ng'ombe, mbuzi, kuku na sungura wanajitengenezea. Yeye lazima aile. Jambo hili lilijulikana mwaka 1907 huko Norwei, pale Axel Holst na Theodor Frølich walipowalisha simbilisi nafaka peke yake na kuwaona wakipata ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Bila vitamini hiyo viungo huvimba, fizi hutoa damu, na kidonda hakifungi hata ukisafishe namna gani. Sasa fikiria kiangazi cha Kilosa, kuanzia Juni hadi Oktoba. Majani yamekauka, mfugaji anatoa pumba za mahindi na nyasi kavu, mnyama anashiba lakini anadhoofika. Wengi wanaoniambia "miguu huwauma zaidi kiangazi" wanadhani ni joto. Mara nyingi ni majani mabichi yaliyokosekana.

Kinga yake ni rahisi na Kilosa inayo. Mapera yapo, na pera lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa la uzito ule ule. Yapo matembele, kabichi na pilipili hoho za bustani za mabondeni. Mnyama wa kilo moja anahitaji miligramu 10 hadi 20 kwa siku akiwa mzima, na 30 hadi 50 akiwa mgonjwa. Kama huna mboga kabisa, kidonge cha vitamini C cha dukani, kile cha watu, kinafaa: robo ya kidonge cha miligramu 200 ni miligramu 50. Kisage, changanya na maji kidogo, mpe mdomoni kwa bomba lisilo na sindano. Usikitie kwenye maji ya kunywa, kwani nguvu yake hupotea upesi ndani ya maji.

Nirudi kwenye mguu wenyewe. Kabla ya tiba hakikisha unatibu kitu chenyewe. Bwana mmoja mjini Kilosa aliniuliza kama simbilisi wake wamepata ugonjwa wa miguu na midomo kutoka kwa ng'ombe wanaopita kwenda mnadani. Ni swali la haki katika wilaya yenye mifugo mingi, lakini ugonjwa ule ni wa wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Simbilisi anayechechemea bandani kwako hana ugonjwa huo. Tazama pia kama si funza. Ukiona kauvimbe keupe kenye nukta nyeusi katikati, hasa pembeni ya kucha, kwenye banda la vumbi, huenda ni funza, na dawa yake ni kumtoa kwa uangalifu na kuondoa vumbi lile.

Kama ni wayo uliochubuka, jambo la kwanza ni sakafu, siku hiyo hiyo. Usingoje Jumamosi. Funika wavu wote wa chini kwa ubao usio na vibanzi. Juu ya ubao weka nyasi kavu laini, nene kama urefu wa kiganja, na uzibadilishe kila zinapolowa, yaani mara mbili au tatu kwa wiki, na kila siku kwenye kona anayopenda kukojoa. Maranda ya seremala yanaweza kuwekwa chini ya nyasi kunyonya mkojo, lakini siyo unga wa msumeno, ule huingia machoni na puani. Pumba ngumu za mpunga zimejaa kwenye mashine zetu na zinatolewa karibu bure, ila zina ncha na hazinyonyi mkojo vizuri. Zikiwa peke yake chini ya mguu wenye kidonda sizipendekezi. Magunia nayo yaangalie, uzi uliochomoka hujifunga kwenye kidole hadi kikafa. Nyasi Mikumi hazina uhaba. Zile zilizo upande wa pili wa mpaka wa hifadhi siyo zako, lakini za kando ya shamba zinatosha.

Wavu usiutupe. Ubaki ubavuni na juu, kazi yake ni kumzuia paka.

Baada ya sakafu ndipo usafishe mguu. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu, kisha mloweke miguu kwa dakika chache asubuhi na jioni. Usikibandue kigaga kwa nguvu, kinatoka chenyewe kikilainika. Mkaushe kwa kitambaa safi. Iodini ya kusafishia vidonda, ile ya kahawia, inafaa ukiipunguza kwa maji hadi ipate rangi ya chai nyepesi. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu vya sakafuni usiziguse, zinaunguza nyama inayoota. Kama kuna kidonda kilicho wazi unaweza kukifunga kwa bandeji nyepesi isiyokaza, na kuibadilisha kila siku. Atajaribu kuitafuna, na hiyo ndiyo sababu usimpake mafuta yoyote usiyojua yana nini ndani. Anachopakwa simbilisi mguuni ameshakila.

Kata kucha kwa mkasi wa kucha, ncha tu, usiufikie mshipa wa damu. Kama ni mnene, ondoa pumba, umwachie majani na nafasi ya kutembea. Kisha vumilia. Wayo uliochubuka kidogo unaweza kupona kwa wiki mbili au tatu. Uliovimba huchukua miezi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kwenda kununua sindano.

Uvimbe wenye usaha usiupasue mwenyewe. Mguu wa simbilisi una damu nyingi kuliko unavyofikiri, na usaha wake ni mzito, hautoki kwa kuminywa. Mnyama wa hatua hiyo anahitaji daktari, na daktari atachagua antibayotiki ambayo simbilisi anaivumilia, kwa mfano enrofloksasini au sulfa iliyochanganywa na trimethoprimu, kwa kipimo cha uzito wake. Kutoka Mikumi hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine ni safari ya kilomita kama 120. Kwa simbilisi mmoja nauli ni kubwa kuliko mnyama, na mimi kama mchumi sitakudanganya kwamba inalipa. Lakini ofisa mifugo wa kata yupo, na simu ipo. Mwulize kabla ya kuchoma, kwa jina la dawa na jina la mnyama.

Majina ya kukumbuka ni haya: penisilini, ampisilini, amoksilini, linkomaisini, klindamaisini, erithromaisini. Yote ni hatari kwa simbilisi, yawe ya sindano au ya kumeza. Tumbo lake ni kiwanda cha bakteria wema wanaomsagia majani. Dawa hizi huwaua wale wema na kuwaachia nafasi bakteria wabaya wanaotoa sumu. Mnyama huacha kula, huharisha, hupoa mwili, na katika siku chache amekufa. Streptomaisini ina ubaya wake wa pekee, kwani huweza kumlegeza misuli na kumuua moja kwa moja. Kichupa cha yule mama kilikuwa na vyote viwili. Hata oksitetrasaiklini, ambayo hakuna duka la mifugo lisilokuwa nayo, si ya kumpa bila ushauri. Usimkisie pia kwa vidonge vya maumivu vya watu.

Jambo hili si jipya. Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey aliijaribu penisilini kwa panya wadogo wanane aliowaambukiza bakteria. Wanne waliopewa dawa walinusurika, wanne wasiopewa walikufa, na dunia ikapata dawa. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1943, ikaandikwa kwamba penisilini hiyo hiyo huua simbilisi. Watu wa maabara wamesema mara nyingi kwamba kama Florey angeanza na simbilisi siku ile, huenda angeitupa dawa yenyewe. Kwa hiyo habari hii ina umri wa zaidi ya miaka 80, na bado haijafika kwenye kaunta ya duka.

Sasa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nitatumia bei ya kukadiria tu, wewe weka ya sokoni kwako. Tuseme jike ni shilingi 6,000. Tuseme anazaa mara tatu kwa mwaka, watoto watatu kila mara, na katika hao tisa unauza sita kwa shilingi 4,000. Ni shilingi 24,000 kwa mwaka kutoka kwa jike mmoja anayekula majani ya bure. Jike mwenye miguu mibovu hapandwi vizuri, hula kidogo, na akizaa maziwa hupungua. Hata akipoteza uzao mmoja tu kati ya mitatu, umepoteza shilingi 8,000. Ukiwa na majike watano wenye hali hiyo, ni 40,000. Gharama ya upande wa pili ni ubao wa mabaki kutoka kwa seremala na mzigo wa nyasi ambao mtoto huubeba akitoka shule. Nani atasema sakafu ya ubao ni ghali?

Wale wa mbolea nao nina jibu lao. Nyasi zilizolowa mkojo na kuchanganyika na kinyesi, ukizirundika kwa wiki kadhaa, ni mbolea nyingi na bora kuliko vipunje vinavyodondoka chini ya wavu na kukaushwa na jua huku mkojo wote ukipotea ardhini. Mwenye bustani ya mchicha ajaribu tuta moja la hii na moja la ile.

Upo wakati wa kutotibu pia. Simbilisi ambaye mfupa umeoza, hasimami, hali, anateseka, na huduma ya daktari haipatikani, ni bora achinjwe mapema kuliko kuachwa aoze polepole kizimbani. Najua kwa mtoto aliyempa jina hili ni zito, na sitamwambia mzazi namna ya kulisema. Ila mnyama aliyekwisha kupewa dawa asiliwe hadi siku alizotaja daktari zipite, na aliyekufa baada ya sindano azikwe. Sufuria isiwe ndiyo njia ya kurudisha hasara.

Lawama tuzipeleke mahali pake. Mama wa Mikumi hakukosea kwenda dukani. Aliona ugonjwa, akatafuta dawa, akalipa. Muuzaji naye sidhani kama alitaka kuua. Lakini lebo ya kichupa kile ilitaja ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, kwa Kiingereza, na simbilisi hakuwamo. "Dawa ya mifugo yote" ni maneno ya muuzaji, hayakuandikwa na kiwanda. Tanzania ina Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayosema nani anaruhusiwa kutibu wanyama, na tangu mwaka 2019 dawa, zikiwamo za mifugo, zinasimamiwa na TMDA. Tunachoomba si sheria mpya. Tunaomba muuzaji aulize maswali mawili kabla ya kufungua kabati: ni mnyama gani, na analala juu ya nini? Akijibiwa simbilisi, penisilini ibaki kabatini. Karatasi moja ya Kiswahili yenye majina yale sita, pamoja na streptomaisini, iliyobandikwa ukutani na halmashauri katika kila duka la dawa za mifugo wilayani Kilosa, ni gharama ya fotokopi.

Ombi la pili ni kwa wataalamu wa ugani. Kila Agosti wakulima wa mikoa ya Mashariki hukutana Morogoro kwa Nane Nane, na watu hurudi nyumbani wakiiga walichokiona. Wakiona kizimba chenye wavu chini, watajenga wavu chini. Onyesheni kizimba chenye ubao na nyasi, na pembeni yake mwekeni simbilisi mmoja mtu anayeweza kumwinua na kumtazama nyayo. Hilo litafundisha zaidi ya kipeperushi. Kwenye mafunzo ya wafugaji wadogo pia, tafadhali, msiishie kwenye idadi ya watoto anaozaa jike kwa mwaka. Idadi hiyo ndiyo iliyowafanya watu wanunue. Waambieni na kuhusu mguu.

Nilimpigia simu yule mama juzi. Alichukua mlango wa kabati bovu akauweka chini ya kizimba, na nyasi analetewa na mjukuu. Kati ya wale watano, dume mmoja alikuwa na wekundu kwenye wayo wa kushoto wa nyuma; wanamloweka maji ya chumvi asubuhi kabla ya shule na jioni, na wanampa pera kila siku. Jike mmoja ana mimba. Mjukuu ameuliza kama watoto wakizaliwa nao watolewe kwenye ubao wahamishiwe kwenye wavu. Nikamwambia hapana, wabaki hapo hapo na mama yao.